Visigino Vilivyonitangulia

Watu wa siku hizi wanajuana kwa sura. Sisi tulijuana kwa visigino. Ukiniuliza leo jirani zetu wa kijijini Ruiru walikuwa na pua za namna gani, nitakudanganya tu, lakini visigino vyao ninaweza kukuchorea hapa chini kwa kijiti. Huyu alikuwa na mpasuko wa upande. Huyu funza walimla ukucha. Huyu alikanyaga kwa nje, viatu hakuwahi kuvaa, lakini ungedhani vinambana.

Sababu ni mukwa. Mukwa ni ukanda wa ngozi. Unauzungusha kwenye mzigo mgongoni, unaupitisha juu ya paji la uso, kisha unainama, na shingo ndiyo inabeba. Ukishainama hivyo huoni mbingu wala watu, hata mlango wako huuoni mpaka uugonge. Unaona ardhi hatua mbili mbele na visigino vya anayekutangulia, basi. Hadi leo nina mtaro kwenye paji la uso. Mjukuu wangu huutia kidole akicheka. Mwanaume hakubeba kwa mukwa. Mwanaume angebeba begani, au kichwani, au asibebe kabisa, na wengi walichagua hilo la tatu. Kuonekana na mukwa kwenye paji la uso kwake ilikuwa aibu kuliko kuonekana uchi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano au karibu na hapo, hakuna aliyeandika. Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari. Tulikuwa tumetolewa kwenye nyumba zetu zilizotapakaa, kila jamaa kwenye mteremko wake, tukaambiwa tujenge kijiji kimoja cha mistari, handaki kuzunguka, lango moja, na posti ya homgadi juu yake. Homgadi walikuwa watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali watuchunge. Wanaume wengine walikuwa kizuizini, wengine msituni wakipigana na serikali hiyo, kwa hiyo kujenga kulibaki kwa wanawake. Kuta tulikandika. Lakini nyasi za kuezeka ziliisha mabondeni mwote, tukabaki na nyumba ambazo mbavu zake zilikuwa wazi juu, na mvua inakuja.

Baba yangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alikuwa msituni, habari ikaletwa kwamba amepigwa risasi, mama akapiga nduru mbele ya kijiji kizima. Akanyoa kichwa chote, kama mjane wetu alivyopaswa kunyoa. Nililia mpaka nikatapika. Tangu siku hiyo homgadi waliacha kumwita mama posti kumuuliza mumewe yuko wapi. Mtu amekufa, utamuuliza mkewe nini tena? Tulibaki wawili, mama na mimi, maana wadogo zangu wote walikufa wachanga.

Serikali ikatoa lori. Jumatatu na Ijumaa wanawake ishirini walipakiwa, wakapitishwa Thika mjini, wakavuka mashamba ya mkonge mpaka kilima fulani cha nyasi upande wa Kilimambogo. Jina lake lilikuwa la Kikamba na hatukulishika. Sisi tulikiita Kilimani tu. Homgadi wawili walikuja nasi. Mmoja alikaa na dereva wakivuta sigara. Wa pili, mnene mwenye fimbo ya mwanzi, ndiye alikuwa wa kuhesabu. Alisimama chini ya kilima akigusa kila mmoja wetu kwa fimbo tukipita.

"Ishirini juu, ishirini chini," alisema kila safari. "Ikipungua moja, nyumba zenu zote ishirini nabomoa. Na mnanijua."

Tulimjua. Tulimjua tangu akiwa hana suruali. Lakini kupanda nasi hakupanda hata siku moja, kwa sababu kilima kilikuwa kikali, na tumbo lake lilikuwa lake.

Kwenda juu kulichukua saa nzima. Mti hakukuwa hata mmoja, ni nyasi tu, kiunoni mwanzoni, kisha kifuani. Zilikuwa zimekauka rangi ya chai ya maziwa, na chini yake ardhi iliteleza, hivyo ulipanda ukishika nyasi kwa mikono miwili. Kwale waliruka miguuni mwetu wakatushtua. Kulikuwa na mavi ya nyati, mengine mabichi, nasi tulijifanya hatuyaoni. Ukifika mahali pa kupumzika ukigeuka, unaona mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka, moshi wa Thika, na ikiwa bado asubuhi, Kirinyaga yenyewe na theluji yake. Nilipapenda pale, nisiseme uongo. Kijijini hakukuwa na mahali pa kusimama bila kuonwa na mtu.

Safari ya tatu ilikuwa Jumatatu. Mama alipanda haraka mno. Mama yangu alikuwa mtu wa taratibu, mtu wa kusimama akasema ngoja nifunge leso, lakini siku hiyo alinipita. Tulipofika juu akanishika mkono.

"Wewe kata hapa," akasema. "Usinifuate. Nyasi nzuri ziko nyuma ya miamba, na kuna nyoka."

"Mama, kama kuna nyoka na wewe usiende."

"Nimekwambia kata hapa."

Nikakata. Nilikasirika kidogo, nikakata kwa hasira, na mzigo wangu ukawa mkubwa kuliko kawaida. Nyasi za Kilimani zilikuwa ndefu. Ukizifunga na kuzibeba kwa mukwa zinakufunika kuanzia utosini hadi magotini, mbele zikiangukia uso. Mtu akitutazama kwa mbali alikuwa anaona matita yanayotembea.

Wa nyuma yangu kwenye mstari alikuwa Tata. Tata ndivyo tulivyomwita mwanamke wa rika la mama, na huyu alikuwa mjane wa makamo, jirani yetu wa nyumba ya mwisho. Mdomo wake haukuwa na mlango. Mama alikuwa akisema, "Ukitaka Nairobi wajue, mnong'oneze Tata hapa Ruiru." Alinisaidia kuinua mzigo, akaniweka kwenye mstari, akasema, "Fuata mama yako, uangalie unapokanyaga, na leo usiseme neno."

"Kwa nini leo?"

"We kairitu, tangu lini mtoto anaambiwa na kujibu kwa swali?"

Tukaanza kushuka. Nilikuwa na jasho machoni na vumbi la nyasi puani. Kwa muda sikuona kitu. Kisha njia ikanyooka kidogo, nikatazama visigino vya mama.

Havikuwa vya mama.

Mama alikuwa na visigino vidogo vya mviringo, cha kushoto kina mpasuko aliokuwa akiupaka mafuta ya kondoo. Hivi vilikuwa virefu, vimekauka, vina ukoga mweusi wa mtu asiyeona maji. Juu ya kifundo kulikuwa na kidonda kimefungwa kipande cha gunia, kinanuka. Shuka lilikuwa la mama. Ushanga mguuni ulikuwa wa mama. Nikatazama mguu wa kulia ulipokanyaga, na kidole kidogo hakikuwapo.

Ngai wangu. Nilikijua kile kidole. Yaani nililijua pengo lake. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la mkonge la Thika kabla sijazaliwa, na kitoroli cha reli kikampitia mguuni. Nilipokuwa mdogo nililala miguuni pake nikitia kidole changu pale pasipo na kidole, nikimwambia, "Sasa vimetimia." Na mtu huyo nilikuwa nimemlilia mpaka nikatapika.

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Mdomo ukafunguka kuita. Nilikuwa nataka kupiga yowe. Sijui kama ni la furaha au la kuona mzimu, maana mtu aliyekufa akitembea mbele yako amevaa shuka la mama yako, utasema ni kitu gani?

Mzigo wa Tata ukanigonga mgongoni.

"Tembea," akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti nisiyojua kama anayo. "Ukilia hapa umetuua sote ishirini. Tembea, mtoto mzuri. Guu moja. Haya, la pili."

Nikatembea. Nilikuwa natetemeka hadi nyasi zangu zikawa zinafanya sauti. Kilichonijia kichwani kwanza kilikuwa hesabu. Ishirini juu, ishirini chini. Baba akiwa wa kumi na tatu kwenye mstari, mama yuko wapi?

Na wote walijua! Hilo ndilo lililonishangaza hata zaidi ya wafu kufufuka. Wa mbele yake alipunguza mwendo kila alipochechemea. Wa mbele zaidi walianza kuimba wimbo wa kazi tulipokaribia chini, wakauvuta polepole ili hatua zake zipate mahali pa kushika. Wanawake wale walikuwa wakigombana kwa ajili ya chumvi. Walikuwa wakisemana kila kisima. Kijijini kulikuwa na watu waliouza ndugu zao kwa suruali ya kaki. Na hawa kumi na wanane walijua, wakafunga midomo, Tata akiwa mmoja wao.

Homgadi mnene alikuwa amesimama palepale. Fimbo yake ilianza kugusa mizigo. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Baba akateleza. Goti moja likagusa chini na mzigo ukaelea upande, maana mukwa hautulii kwenye paji lisilo na mtaro, nalo paji lake lilikuwa laini.

"Mama, umelewa?" homgadi akasema, akacheka.

Fimbo ilikuwa shubiri moja kutoka usoni mwa baba. Angeinama kidogo tu, angeinua nyasi kama pazia, basi. Lakini hakuinama. Aliona mukwa, na chini ya mukwa kuna mwanamke, tangu dunia iumbwe. Ainame achungulie nini?

"Ni njaa, bwana," Tata akapaza sauti kutoka nyuma yangu. "Umetuletea chakula? Au wewe ukishiba umeshiba kwa niaba yetu?"

Wanawake wakacheka, homgadi akatukana, fimbo ikamgusa baba. Kumi na tatu. Ikanigusa mimi. Tulitimia ishirini.

Kwenye lori tulimficha katikati ya matita, leso imemfunika uso, na nyumbani walimlaza kitandani kwa mama, uso ukutani. Tata ndiye aliyenieleza, akikanda kidonda kwa maji ya moto na chumvi. Baba hakuwahi kuuawa. Habari ilipoletwa, mama alijua ni uongo, kwa sababu alikuwa ametumiwa salamu zake siku mbili baada ya siku waliyodai amepigwa risasi. Lakini akaona mlango, akaingia. Akanyoa, akalia, na mimi nikalia kwa kweli, na kilio changu ndicho kilichowafanya waamini. Sasa alikuwa amejificha nyuma ya miamba ya Kilimani, na salamu zilimfikia mama kwamba mguu wake unaoza. Angekaa Kilimani wiki nyingine angekufa kweli. Basi mama akasema atabaki yeye juu mpaka Ijumaa, baba atibiwe, kisha Ijumaa wabadilishane tena. Yeye ni mzima, akasema. Siku nne ni nini?

"Na mimi hakuniambia," nikasema.

"Wewe uso wako unasomeka kama Biblia ya maandishi makubwa," Tata akasema. "Tungekuambia wapi?"

Nilikasirika. Wacha niseme wazi, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa: nilimkasirikia baba kuliko homgadi. Alikula ugali wa mama. Alijifunika blanketi la mama. Mama yuko kilimani na nyati, kwa sababu yake. Na mwaka mzima nilimwombea kila jioni roho yake ipumzike, kumbe inatembea! Tata alileta vidonge na dawa ya unga kutoka kwa mtu wake aliyefanya kazi na wazungu, sikuuliza nani. Mimi nilipika, nikaosha matambara ya usaha, nikamwekea chakula karibu na mkono, na sikumsemesha. Aliniita kwa jina la utotoni. Nikajifanya nafagia. Siku nne nilimwambia maneno mawili tu, Jumatano mvua ilipoanza.

"Mama analala wapi?"

"Chini ya mwamba. Nilimwachia blanketi langu."

"Blanketi lako lina matundu?"

Aligeukia ukuta, nikaona mabega yake yanatikisika. Sikwenda kumshika.

Siku hiyohiyo ya Jumatano homgadi mnene alikuja mlangoni kumtoa mama akachimbe handaki. Alikuwa keshainamisha kichwa kuingia. Tata akatokea nyuma yake na beseni.

"Ingia, mwanangu, ingia," akasema. "Amemwaga mimba iliyooza. Nisaidie kushika beseni."

Yule mtu alirudi nyuma akakaribia kuanguka. Mwanaume wetu na damu ya uzazi, hata bunduki haimsaidii. Kisha akasimama, akakunja uso. "Mimba ya nani? Si mjane huyu?"

"Hilo ndilo tunalotaka kujua na sisi," Tata akasema, akimtazama machoni. "Akichimba handaki mpaka giza, huwa analindwa na nani?"

Akaondoka bila kuaga. Mimi nilikaa chini kwenye jivu.

Alhamisi asubuhi walitukusanya. Homgadi akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba nyumba zote zimeezekwa, nyasi zimetosha, Kilimani hakuna kwenda tena. Kesho wote handakini.

Nilitazama wanawake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kilimani hakuna kwenda tena. Kwa miguu ni mwendo wa siku nzima, ukikutwa njiani bila kibali unapigwa risasi, na mama angengoja Ijumaa, angengoja Jumamosi, angeshuka mwenyewe kutafuta chakula, na mtu yeyote wa mashamba angemwona. Nilimkimbilia Tata. "Tata, tufanye nini? Tata!" Alikuwa anatazama miti, majani yanaelekea wapi.

Saa nane mchana nilikuwa napepeta maharagwe. Nikasikia kishindo cha moto, kisha nduru. Nyumba ya mwisho ya mstari, nyumba ya Tata iliyoezekwa wiki iliyopita kwa nyasi za migongo yetu, ilikuwa inawaka. Upepo ulikuwa unapeleka moto nje, upande wa handaki, mbali na nyumba nyingine. Tata alikuwa amekaa kwenye udongo, mikono kichwani, analia kwa sauti kuu kwamba ni jiko, ni maharagwe, ni shetani. Homgadi akampiga makofi mawili. "Mjinga wewe! Mwanamke mjinga!" Alipigwa akalia zaidi.

Nilisimama nikitazama, bado sijaelewa. Nilielewa nilipokumbuka koti. Mumewe Tata alikuwa askari wa ile vita ya wazungu, akarudi na koti zito la kijani, akafa, na koti lile ndilo kitu pekee alichobaki nacho. Hakuwa na mtoto. Alilitandika kitandani, alilipiga jua kila Jumapili. Kama ni ajali ungemwona akijirusha ndani kulitoa. Kama angelitoa mapema, homgadi wangejua si ajali. Kwa hiyo lilikuwa ndani. Nilihisi harufu ya sufu ikiungua, nikamtazama, na yeye akanitazama kupitia vidole vyake, akarudi kulia.

Amri ilitoka kabla ya jua kutua. Hakuna nyumba ya kukaa bila paa, mkubwa wa wilaya anapita Jumapili. Kesho lori.

Ijumaa tulipanda ishirini. Baba alikuwa mbele yangu, mukwa na mundu begani kama sisi, leso imefunika kidevu alichonyoa kwa kigae cha chupa. Alikanyaga vizuri. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Nilipanda nikitazama pengo la kile kidole njia nzima.

Mama alikuwa nyuma ya miamba. Alikuwa hai. Alikuwa amekaa kati ya matita makubwa matatu ya nyasi, yamefungwa vizuri, kwa sababu alisema baridi haimshiki mtu anayekata. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na alikohoa kikohozi ambacho hakikumtoka mpaka uzeeni. Nikamkumbatia, alikuwa ananuka moshi na nyati.

"Amekula?" ndilo neno lake la kwanza.

"Amekula, mama."

"Wewe je?"

Walibadilishana nguo huko nyuma, tukageuza migongo. Baba akatoka amevaa blanketi lake lenye matundu. Alikuja mpaka mbele yangu. Akanyoosha kidole, akanigusa mtaro wa kwenye paji la uso, taratibu, akaupitisha kutoka upande huu hadi upande huu. Kwake kulikuwa na mstari mwekundu, umechubuka.

"Huu mzigo ni mzito," akasema.

Nilitaka kumjibu. Lakini nilikuwa bado na hasira, na nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nikasema moyoni, nitamsemesha siku nyingine. Nikainama nikamwacha Tata aniinulie mzigo. Nilishuka na visigino vidogo vya mviringo mbele yangu, cha kushoto kina mpasuko, nikilia chini ya nyasi ambako hakuna wa kuona. Fimbo ilitugusa. Ishirini.

Haikupita hata mvua mbili. Tulikuwa tunatoka mtoni asubuhi, madebe ya maji mgongoni, mstari mmoja, mama mbele, mimi nyuma yake, Tata nyuma yangu. Mbele ya posti homgadi walikuwa wamepanga watu wawili chini, wamewafunika magunia. Walituamuru tupite karibu. Walisimama pande zote kutazama nyuso zetu, nani atalia, maana anayelia ana mtu wake pale. Magunia hayakufika chini. Miguu minne ilikuwa nje.

Siku hiyo nilishukuru mukwa, kwa kuwa uso wangu ulikuwa ardhini. Nilihesabu vidole vya mguu wa kulia wa mtu wa pili. Nikarudia. Nilidhani nitaanguka na debe. Nilitazama visigino vya mama, nikingoja visite. Havikusita. Vilipita pale, kimoja, cha pili, kimoja, cha pili, na maji hayakumwagika hata tone. Kwa sababu yeye alikuwa mjane tangu zamani. Kilio chake alikwisha kukitoa, mbele ya kijiji kizima, na mjane halii mara mbili kwa mume mmoja. Nyuma yangu nilisikia Tata akianza kuimba, sauti inamkatika.

Kesho yake nilichukua kile kigae cha chupa nikajinyoa kichwa. Homgadi mnene alinisimamisha langoni.

"Wewe, umefiwa na nani?"

"Chawa, bwana," nikasema.

Akarudi nyuma hatua mbili akanifukuza niende.

Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alipoinua macho akakiona kichwa changu, mikono ikaachia sufuria. Watu walikuwa wanapita.

"Ni chawa?" akauliza.

"Ni chawa, mama."

"Ni wengi?"

"Wengi sana."

"Umeacha nywele nyuma," akasema. "Njoo ukae hapa." Nikakaa chini kati ya magoti yake. Akachukua kigae mkononi mwangu, akanimalizia kunyoa.